Eti Ujumbe wa Albamu Hii ni Nini?

Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia uhakiki wangu wa albamu ya hausi. Kaandika sentensi moja tu: ujumbe wa msanii hauonekani. Nilikasirika, nikanyamaza. Leo sinyamazi, maana swali lile lile nalikuta kila mahali watu wa fasihi wanapozungumzia muziki.

Albamu yenyewe ni Rise, ya kwanza ya Lane 8, produsa wa Marekani ambaye jina lake ni Daniel Goldstein. Ilitoka 2015 kupitia lebo ya Anjunadeep ya London. Ni hausi ya kimelodia: mdundo mmoja unaotembea bila haraka, juu yake vinanda vya umeme vinaingia kimoja kimoja, kisha ngoma inaondolewa ghafla na wewe unabaki unaning'inia, unaisubiri irudi. Inaporudi, mwili unajua kabla ya akili.

Sasa hapo ujumbe uko wapi? Uko hapo hapo, kwenye kusubiri!

Lakini sisi tulifundishwa fani na maudhui. Kikombe na chai, walituambia wengine. Chai ndiyo muhimu, kikombe ni cha kubebea tu. Kwenye mtihani tuliorodhesha dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi, halafu fani tukaipa aya mbili za mwisho, wino ukiwa unaisha. Tukatoka shule tukiamini kwamba sanaa ni barua yenye madoido, na kazi ya mhakiki ni kufungua bahasha.

Msikilize Lulu James kwenye "Loving You" ya albamu hii. Huyu ni mwimbaji aliyezaliwa Tanzania na kukulia kaskazini mwa Uingereza, na sijui kwa nini hatumtaji zaidi. Ukiyanakili maneno anayoimba kwenye karatasi, mwalimu wangu wa Kiswahili angeyapa alama mbili, tena za huruma. Ni ya mapenzi, ya kawaida kabisa. Ila sauti ile ikikaa juu ya besi, yale maneno ya kawaida yanakuwa mazito. Uzito huo umetoka wapi kama si kwenye hicho kikombe mnachokidharau?

Na msiniambie huu ni ugeni wa Wazungu. Kwanza hausi ilizaliwa Chicago, mikononi mwa madijei weusi kama Frankie Knuckles. Pili, sisi wenyewe tuna bashraf. Wapenzi wa taarab ya Unguja wanaijua: kipande cha ala tupu, fidla, ganuni na udi vikipokezana, hakuna anayeimba. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na bashraf ni sehemu ya hazina yake. Wazee wanakaa kimya wanasikiliza, na sijawahi kumwona mzee akimgeukia jirani yake kumuuliza, "Sheikh, dhamira kuu ni ipi?"

Sisemi Rise haina kasoro. Inazo. Mwendo haubadiliki vya kutosha, katikati inalegea, na sauti za wageni wengine zimesafishwa mno mpaka unatamani mtu akohoe. Utamu nao ukizidi unakinaisha. Lakini angalieni: kasoro zote hizo nimezipata kwa kusikiliza jinsi ilivyotengenezwa. Anayesaka ujumbe asingeona hata moja. Angeandika kwamba msanii anatufunza umuhimu wa upendo, akalipwa, akaenda zake.

Ndivyo tunavyohakiki riwaya pia, jamani. Ndiyo maana hili linaniuma. Mwandishi anahangaika miaka na sentensi zake, sisi tunamjibu kwamba amekemea rushwa.

Uhakiki ule ninao bado. Mwaka huu nimeupeleka kwa mhariri mwingine, bila kuuongezea ujumbe.