Kasi ya Ndege Inayokaribia Kutua: Madai Matano na Majibu Yake

Ndege ikipita chini juu ya mji kuelekea uwanjani, hakosi mtu wa kusema kwamba rubani anakimbia atakavyo. Madai ya aina hii yanadharau kazi inayolinda roho zetu, na kuyanyamazia si haki. Nayajibu moja moja.

Dai la kwanza: "Kikomo cha kasi ni urasimu, anga ni pana."

Anga ni pana, lakini njia za kuingilia uwanjani ni nyembamba. Tarehe 16 Desemba 1960, ndege mbili za abiria ziligongana juu ya New York: DC-8 ya United na Super Constellation ya TWA. Walikufa watu 134, sita kati yao wakiwa ardhini. Wachunguzi waligundua kwamba DC-8 ilipitiliza mahali ilipotakiwa kuishia, na kasi yake kubwa ilichangia. Leo nchini Marekani, ndege iliyo chini ya futi 10,000 haitakiwi kuzidi noti 250, yaani kilomita 463 kwa saa.

Dai la pili: "Simu yangu ilionyesha noti 310 chini ya futi 10,000. Rubani kavunja sheria."

Simu huonyesha kasi ya ndege juu ya ardhi. Sheria inahesabu kasi inayosomwa mbele ya rubani, itokanayo na msukumo wa hewa kwenye mirija midogo iliyo ubavuni mwa pua ya ndege. Huko juu hewa ni nyepesi, hivyo karibu na futi 10,000, noti 250 za kwenye kipimo ni takriban noti 290 halisi. Upepo wa noti 20 ukisukuma kutoka nyuma, simu itaandika 310, na rubani hana kosa lolote.

Dai la tatu: "Akitaka kupunguza mwendo, anapunguza tu."

Ndege haina breki za kukanyaga angani. Ikielekezwa chini hukimbia, kama baiskeli kwenye mteremko. Ndiyo maana rubani hupiga hesabu mapema: takriban maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000 za kushuka, na nyingine za ziada za kupunguzia kasi. Hesabu ikimbana, huacha kushuka kwa muda, au huinua mabamba yaliyo juu ya bawa ili yakinze hewa. Ukikaa dirishani utayaona yakisimama, na utahisi kiti kikitetemeka kidogo. Hapo kikomo kinatiiwa mbele ya macho yako.

Dai la nne: "Karibu na uwanja kila mmoja anajiendea."

Tazama Heathrow, London, ambako ndege za kutoka Nairobi nazo hutua. Utaratibu wa kawaida ni huu: ndege ikitoka kwenye mzunguko wa kusubiri huenda noti 220, ikigeuka kuufuata mstari wa kutua huwa 180, kisha hushika 160 hadi zibaki maili nne. Baada ya hapo ndipo hupunguza hadi kasi yake ya kugusa ardhi. Mmoja akipunguza mapema, aliye nyuma yake humkaribia kupita kiasi na huenda akalazimika kupaa tena na kuanza upya. Kwa hiyo mwendo ule unaouona wa polepole haumcheleweshi abiria. Ndio unaowezesha ndege nyingi kutua kwa zamu bila kusongana.

Dai la tano: "Rubani hutii tu, hata amri ikiwa ya hatari."

Si kweli. Ndege ikiwa nzito, au hali ya hewa ikiwa mbaya, rubani asiyeweza kushika kasi aliyopewa anawajibika kusema mara moja redioni, na mwongoza ndege humpangia nafasi nyingine. Hata sheria ya Marekani inaruhusu ndege ambayo kasi yake ya chini kabisa ya usalama inazidi kikomo kuruka kwa kasi hiyo ya chini. Anayenyamaza huku hawezi ndiye anayehatarisha wenzake.

Basi, msomaji, kabla hujamhukumu rubani kwa namba uliyoiona kwenye simu, uliza kwanza namba hiyo inapima nini. Wanaoshika kasi waliyopangiwa, maili baada ya maili, wanamlinda abiria wa ndege iliyo mbele yao na wa iliyo nyuma yao. Wanastahili heshima yetu.