Kazi Imekwisha: Je, na Tumaini Nalo?



Jioni moja tulikuwa katika sala ya Jumuiya Ndogo Ndogo, nyumbani kwa mmoja wa waamini wetu. Ulipofika wakati wa nia mbalimbali, baba mmoja wa familia alifumba macho akaomba kwamba Mungu awarudishe wakimbizi kwa wingi kama zamani, kambi zijae, watu wapate kazi. Baadhi waliitikia kwa mazoea, “Ee Bwana, twakuomba utusikie.” Wengine walinyamaza. Sisi tulikuwa miongoni mwa walionyamaza, na ukimya ule umetufuata hadi leo.

Asiyeishi Kibondo au Kasulu huenda akamhukumu upesi baba huyu. Sisi tunaoishi huku tunajua alikotoka. Tangu Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na Burundi ikaingia katika vita, nyanda hizi zetu zimekuwa na kilimo cha namna mbili: cha maharage na mihogo, na kile cha kambi. Mtabila na Nyarugusu huko Kasulu, Nduta na Mtendeli upande wa Kibondo (Mtendeli leo iko Wilaya ya Kakonko) zilileta maelfu ya watu waliokimbia na roho zao mikononi. Zilileta pia magari, maghala, zahanati, shule, na pamoja nazo ajira kwa madereva, walinzi, wauguzi, walimu, wapishi, makarani wa stoo. Nyumba za kupangisha zikajengwa, nyumba za wageni zikafunguliwa, na bei ya maharage ikapata mahali pa kuegemea.

Kisha kambi zikaanza kufungwa. Mtabila ilifungwa Desemba 2012 baada ya Warundi zaidi ya 30,000 kurejeshwa kwao katika miezi michache, na mahali pale pakawa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Watu wakalia, wakazoea. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, na Nduta ikafunguliwa Oktoba mwaka huohuo, ikifuatiwa na Mtendeli Januari 2016. Mikataba ikarudi. Mwishoni mwa 2021 Mtendeli ikafungwa. Januari 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ikasimamisha misaada yake ya nje, na Juni mwaka huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likatangaza kwamba nafasi zipatazo 3,500 za wafanyakazi wake duniani zinaondolewa. Barua zilizofika huku kwetu zilikuwa fupi. Tumezisoma kadhaa, kwa sababu watu huzileta kwa padre kama wanavyoleta cheti cha hospitali, wakitumaini tutasoma kitu ambacho wao hawakukiona.

Basi, tuseme nini juu ya sala ya baba yule? Tuseme kweli: tumekula mkate uliotokana na msiba wa jirani. Hatukuuiba. Wengi waliufanyia kazi kwa jasho na kwa upendo, na wako wauguzi wetu waliozalisha akina mama wa Kirundi na wa Kikongo usiku kucha. Lakini mtu mwenye mshahara huo hawezi kumwomba Mungu aendeleze msiba ili mshahara uendelee. Mkimbizi anaporudi nyumbani kwa hiari na kwa usalama, na akakuta shamba lake bado ni lake, hiyo ni Pasaka yake. Hatutaitikia “utusikie” kwa sala inayoomba Pasaka hiyo ifutwe. Hatukumkemea baba yule, ana watoto wanne na kodi ya nyumba, ila tulimfuata baadaye tukamwambia kwamba tunaweza kuomba kazi pamoja naye bila kumwombea mtu mwingine kilio. Alikaa kimya kidogo, akasema, “Baba Paroko, nilikuwa sijui niombe nini kingine.”

Hapo ndipo penye jeraha. Aliyepoteza kazi hapotezi mshahara peke yake. Hupoteza hata maneno ya kuomba. Tunawajua wanaume ambao miezi miwili baada ya mkataba kukatwa bado waliamka alfajiri, wakavaa, wakatoka, wakashinda stendi hadi jioni, ili mke na majirani wasijue. Tunajua nyumba zilizokopa kwa wale wenye mikopo ambayo watu wameibatiza jina la kausha damu, na pikipiki ikachukuliwa, halafu sofa. Na tunajua walioacha kuja Misa kwa sababu ya aibu ya kapu la sadaka. Kwa hao tunasema wazi: njooni mikono mitupu. Kapu lipite.

Wako wanaouza tumaini jepesi. Watasema umekosa kazi kwa sababu ya laana ya ukoo, au kwa sababu hukupanda mbegu ya kutosha madhabahuni. Tumesikia pia, hata katika vinywa vya Wakatoliki wenzetu, kwamba Mungu anafunga mlango mmoja ili afungue mkubwa zaidi. Pengine. Lakini hatuoni popote katika Injili ambapo Kristo aliahidi mlango mkubwa zaidi wa mshahara. Aliahidi kuwa pamoja nasi siku zote, na alibakiza msalaba katika maelezo ya safari.

Tutazame Nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Amechoka, amekimbia, ameketi chini ya mti jangwani akiomba afe. Malaika wa Bwana hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akarudi kumlisha mara ya pili. Safari ya Horebu ilifuata baada ya chakula. Sisi mapadre tungelisoma fungu hili polepole zaidi, kwa kuwa tumeharakisha mno kufika Horebu. Jumuiya inayojua kwamba katika nyumba ya tatu kutoka kwenye kisima baba amekosa kazi, na isipeleke debe la mahindi, imekwisha kuhubiri, nayo imehubiri vibaya.

Dominika ya 25 ya Mwaka C, iliyoangukia tarehe 21 Septemba 2025, tulisoma Injili ya wakili dhalimu, Luka sura ya 16. Wengi huiona ngumu. Waliosimamishwa kazi waliielewa kabla hatujaanza kuhubiri! Mtu anaambiwa kazi imekwisha, anaingia ndani mwake na kujikagua: jembe haliwezi, kuombaomba kunamtia haya. Ni mtu wa ofisi huyo, tunamfahamu. Bwana hakumsifu kwa udanganyifu wake. Alichosifu ni kwamba siku ile mbaya hakukaa akilaani; alihesabu upesi alichonacho na watu alionao. Wana wa nuru nao na wahesabu, kwa unyofu.

Katika kuhesabu huko imo haki. Si dhambi wala ukosefu wa imani kuidai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyefanya kazi kwa mwaka mmoja au zaidi, akipunguzwa, kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka kumi. Inampa pia hati ya utumishi. Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tumeona watu wakizipoteza siku hizo 30 katika mifungo na mikesha, jambo ambalo linatuuma, maana mkesha ungeliweza kufanyika baada ya kujaza fomu. Papa Leo wa 13 aliandika juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891, katika Rerum Novarum, na Papa Leo wa 14, alipochaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba jina lake amelichukua kwa sababu hiyo hasa.

Nasi wana wa Buha tuna kumbukumbu yetu. Mababu zetu waliandikwa kuwa manamba, wakapanda treni kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna mkonge tani zipatazo 230,000. Baada ya hapo bei ikaporomoka, kamba za plastiki zikaingia, kazi zikaisha kwa sababu ya soko ambalo hakuna babu aliyewahi kuliona kwa macho. Walirudi. Wengine walirudi na koti moja na sanduku la bati. Walilima, wakazaa, wakajenga vigango kwa matofali waliyofyatua wenyewe, na katika vigango hivyo ndimo tulimobatizwa. Hatusemi kwamba mateso yao yalikuwa mema. Tunasema walikuwa watu wazima kabla ya kupewa namba, na waliendelea kuwa watu baada ya namba kufutwa.

Baba yule bado hajapata kazi. Amekodi nusu eka ya bondeni, amepanda maharage, na anatuambia kwamba mgongo unamuuma kama wa kijana aliyeanza seminari. Wiki iliyopita aliongoza sala ya jumuiya. Aliwaombea Warundi waliorudi kwao wakute nyumba zao zimesimama, kisha akaomba mvua.

Dominika ijayo, baada ya Misa ya pili, tutakaa chini ya mwembe pamoja na mwamini mmoja anayezijua sheria za kazi. Aliyeachishwa aje, awe Mkatoliki au asiwe, naye alete barua yake na mkataba wake. Akina mama wa WAWATA watapika uji.