Kabla Hujanunua Pampu

Kwenye gereji za Uyole, Mwanjelwa na Ipogolo, Corolla ya miaka ya 1990 ikianza kumisi, hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa: "Pampu hiyo, bosi." Pampu inabadilishwa, na kwenye kona za Kitonga gari linakohoa vilevile. Hapa huchanganywa magonjwa mawili: hewa inayoingia kwenye injini kwa njia za panya, na petroli isiyofika kwa presha inayotakiwa. Yote mawili yanapimika. Tuyajibu madai moja moja.

"Likimisi, pampu imekufa."
Uliza kwanza linamisi wapi. Mpira wa vakyumu uliopasuka husumbua zaidi kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, maana hapo injini inavuta hewa kidogo na ile ya wizi inakuwa sehemu kubwa. Presha ndogo ya mafuta ni kinyume chake: sailensa yaweza kutulia kabisa, gari likaishiwa nguvu mlimani likiwa na mzigo.

Hata hapo pampu ni mshukiwa mmoja tu. Filta iliyoziba, waya wenye kutu na regulata iliyochoka huleta dalili hiyohiyo. Funga geji kwenye njia ya mafuta. Toyota nyingi za nozeli za zama hizo husoma psi 38 hadi 44 hivi ukichomoa mpira wa vakyumu kwenye regulata, na hushuka ukiurudisha. Ikisoma chini, bana kwa sekunde chache tu mpira unaorudisha mafuta tangini. Sindano ikiruka juu, pampu ni nzima na regulata ndiyo inayoachia. Isiporuka, pima volti zinazofika kwenye pampu na ukague filta kabla ya kuitoa pampu.

Huna geji? Chomoa ule mpira mdogo wa vakyumu wa regulata uuchungulie. Ukiwa na petroli ndani, kiwambo cha regulata kimetoboka, na injini inakunywa mafuta kwa mlango wa nyuma.

"Vakyumu inasoma 14, manifoldi inavuja."
Dai hili lingekuwa na uzito Dar es Salaam. Vitabu vya ufundi husema injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye geji ya vakyumu, lakini hizo ni namba za usawa wa bahari. Kila mita 300 unazopanda hupunguza inchi moja hivi. Mbeya mjini ipo karibu mita 1,700, Iringa karibu 1,600. Toa inchi tano, na 14 inakuwa namba ya injini yenye afya. Kwa hiyo linganisha na gari zima la aina hiyohiyo lililopo hapohapo gereji. Kisha angalia sindano yenyewe: ukiziba mpira mmoja ikapanda, mvujo umeupata.

Kwa urefu huo presha ya hewa nayo ni ndogo kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani. Gari lililotoka bandarini likionekana zito kidogo Mbeya, si lazima liwe bovu.

"Sailensa ikipanda, kaza skrubu."
Kwenye injini kama 5A-FE, kompyuta hukadiria hewa kwa sensa ya presha ya manifoldi. Hewa ya wizi ikiingia, presha inapanda, kompyuta inaongeza petroli, na sailensa inapanda. Ukikaza skrubu umeficha tundu. Baadaye sailensa itaanza kupanda na kushuka, na fundi wa pili atahangaika na skrubu uliyoiharibu wewe.

"Nyunyiza petroli utaona inapovuja."
Utaona, na unaweza kuona moto pia. Tumia maji kwenye chupa ya kunyunyizia, kidogokidogo kwenye maungio na gasketi ya manifoldi, mbali na distribyuta na waya za plagi. Maji yakiziba tundu, mlio wa injini unabadilika papo hapo. Kwa mipira, bana mmoja baada ya mwingine kwa koleo lililozungushiwa kitambaa, ukianza na ule mnene wa busta ya breki.

"Asubuhi haliwaki kwa sababu ya baridi."
Ni kweli Juni na Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Lakini magari haya yametoka Japani, kwenye theluji. Baridi inafichua ubovu uliokuwepo. Zima injini, acha geji ya mafuta imefungwa: baada ya dakika tano inatakiwa ibaki walau psi 21. Ikianguka, vali ya pampu, regulata au nozeli inaachia, na usiku kucha njia ya mafuta inabaki bila presha. Mpira mkavu nao hukakamaa kwa baridi ukaacha mwanya, kisha ukipata joto unaziba. Ndiyo maana gari linalosumbua alfajiri lipimwe alfajiri, kabla halijawashwa.

"Kompyuta haijaonyesha kosa."
Magari haya hayana sensa ya presha ya mafuta, kwa hiyo kompyuta haina jicho la kuiona.

Fundi akikutajia kifaa cha kununua, muulize kwanza geji imesoma ngapi. Akiwa na namba, mpe kazi. Asipokuwa nayo, usitoe hela ya pampu.