Ngitili Zimerudi, Lakini ni za Nani?

Wako wazee miongoni mwetu wanaokumbuka Shinyanga ilipoitwa jangwa la Tanzania. Jina hilo halikuja bure. Tangu miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakafuata, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 familia nyingi ziliacha ngitili zao nyuma. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu.

Ngitili, kwa wasiokulia Usukumani, ni eneo la nyasi na miti linalofungwa mvua zinapoanza, likafunguliwa kiangazi kikikolea ili mifugo ipate malisho. Shamba lililochoka likipumzishwa hivyo, visiki huchipua na mbegu zilizolala huamka. Aghalabu hapahitajiki hata bustani ya miche. Panahitajika subira, na sungusungu wasiolala. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na kwa haki kabisa.

Hata hivyo twauliza: nyasi hizo ni za nani? Ziko ngitili za kijiji, na ziko za mtu binafsi. Mwenye ardhi kubwa hufunga eneo lake, na kiangazi huuza malisho. Mjane asiye na ardhi huambiwa kwamba pale alipookota kuni miaka yote sasa pana mwenyewe. Akikamatwa, hutozwa faini. Hatuilaumu ngitili. Tunaulaumu mkutano unaochora mipaka pasipo kumwita mjane huyo.

Upande wa Geita hatari ni nyingine. Mashimo ya wachimbaji wadogo hutaka matimba ya kushikilia kuta, na miji inayokua hutaka mkaa. Ngitili inayotambuliwa kwa mdomo tu yaweza kuondoka kwa malori katika msimu mmoja.

HASHI ilikoma mwaka 2004. Hakuna mradi wa kutulindia. Ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na ipo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inayokiruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake. Viongozi wa walei mliomo katika halmashauri za vijiji, ombeni mihtasari ya mikutano iliyotenga ngitili zenu, isomwe hadharani, wajane wakiwapo, kabla ya mvua za Novemba.