Mwimbaji Anatukanwa, Kumbe Mashine Ndiyo Haina Pumzi

Dodoma sasa hivi kila wikendi ni shughuli. Tangu serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, maharusi na sendofu ndiyo zimekuwa mkate wa bendi ndogo za watu watano sita. Ila kuna ugonjwa unazimaliza bendi hizi kimyakimya, na kila ukijitokeza, mchawi anatafutwa kwenye koo la mwimbaji.

Ichukuliwe bendi moja ya hapahapa Dom, jina kapuni. Dada anayeimba pale amekulia kwaya, sauti yake bila maiki ilikuwa inafika hadi mlango wa nyuma wa kanisa. Lakini kila wakipiga shoo ya bustanini, maneno hayasikiki, besi inakoroma, na twita zinachemka kama karai la chipsi. Mitandaoni akavaliwa vibaya: eti amekwisha, eti arudi kwaya. Kiongozi wa bendi badala ya kukagua vyombo akampunguzia posho, na chinichini akaanza kusaka mwimbaji mwingine.

Dada wa watu hana kosa. Kosa liko kwenye hesabu.

Bendi ile ina spika nne, kila moja ina uwezo wa wati 400 RMS na omu 8. Ni spika za maana kabisa. Mashine yao imeandikwa kwa mbele, maandishi makubwa ya dhahabu, wati 2000. Sasa geuza nyuma, pale palipoandikwa kwa herufi za kusomea miwani: wati 200 kila upande kwa omu 8, wati 350 kwa omu 4, na isishushwe chini ya omu 4. Hiyo ndiyo mashine yenyewe. Ile 2000 ya mbele ni kiki ya muuza duka. Wati za kuaminika ni za RMS, yaani zile mashine inazoweza kuzitoa mfululizo bila kuhema. PMPO ni namba ya kupamba boksi.

Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba upande mmoja zinakuwa omu 4. Mashine inatoa wati 350, spika mbili zinagawana, kila moja inapata 175. Spika inayoweza kula 400 inapewa 175. Ni fuso limefungwa injini ya bodaboda, halafu dereva analaumiwa kwamba halipandi mlima.

Wengi hapa wanasema sawa, basi sauti itakuwa ndogo tu, spika si ziko salama? Hapo ndipo pesa za watu zinapoteketea. Sauti ikiwa ndogo, fundi mitambo anapandisha. Taa nyekundu inawaka, anaiona, anapandisha tena kwa sababu kamati inamfokea. Mashine ikifika mwisho wa uwezo wake haisemi imechoka. Inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na wimbi lililokatwa kabisa linabeba karibu mara mbili ya nguvu ya wimbi safi la kimo hichohicho. Besi imeshagonga dari, lakini sauti nyembamba zinaendelea kupanda, na zote zinaelekea kwa twita, kifaa chenye waya mwembamba kama uzi. Twita inaungua. Mashine ndogo imeua spika kubwa.

Na twita zikishaanza kufa, herufi kama s, f na ch zinapotea kwenye maneno ya mwimbaji. Ndiyo maana watu wanasema dada hatamki vizuri.

Dawa aliyoitumia kiongozi ndiyo ikaharibu kabisa. Alikodi spika mbili zaidi ili "mziki uwe mnene". Spika tatu kila upande, omu zikashuka hadi kama 2.7, wakati mashine imeandikwa isishuke chini ya 4. Ongeza vumbi la Dodoma lililoziba feni. Ikachemka, ikajizima maharusi wanaingia ukumbini, meza kuu ikabaki inatazamana. Salio la malipo likakatwa, na lawama zikarudi kulekule kwa dada.

Mafundi wanaojua kazi wanasema hivi: kwa spika ya wati 400 RMS, tafuta mashine inayotoa wati 400 hadi 600 RMS kwa omu zilezile. Kama fundi ni mtulivu, hata 800 haina shida. Ile ziada si ya kutumia muda wote, ni pumzi ya pale ngoma inapopigwa ghafla au mwimbaji anapopandisha. Ni kweli mashine kubwa nayo inaunguza spika ikiwa mikononi mwa mtu wa sifa, maiki ikidondoka au ikianza kupiga mluzi. Ndiyo maana anahitajika mtu wa kukaa na vyombo shoo nzima, siyo shemeji wa mpiga gitaa anayeshika simu.

Kuhusu kwamba hela hakuna, bendi ile iuze spika mbili kati ya nne, inunue mashine ya wati 600 kila upande kwa omu 8, spika moja kila upande. Mbili zinazolishwa vizuri zinashinda sita zenye njaa. Wakati wa kununua waangalie pia spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja kwa umbali wa mita moja. Spika ya 97 dhidi ya 94 ni sawa na kuzidisha mashine mara mbili, bure. Na bustanini, ambako hakuna kuta na upepo wa Dodoma unajulikana, kila umbali ukizidi mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6. Bora spika zisogezwe karibu na watu na zinyanyuliwe juu ya vichwa, kuliko kuzirundika jukwaani kwa ajili ya picha za Instagram.

Mkoa huu ndiyo uliomlea marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha ilimba hadi studio za Real World kule Uingereza. Leo kijana akipanda jukwaani na ilimba au zeze juu ya mashine inayokwaruza, kinachosikika ni mbu tu, na watu wanaondoka wakisema muziki wa Kigogo umepitwa na wakati. Haujapitwa. Haujasikika.

Kiongozi wa bendi anadaiwa mambo mawili: kugeuza mashine asome nyuma, na kumrudishia dada posho yake. La pili ndilo gumu, maana mashine mpya inanunulika dukani, lakini jina la mwimbaji likishachafuliwa mtandaoni hakuna fundi wa kulitengeneza.

Wadau, bendi ikikwaruza, nani awe wa kwanza kuulizwa: mwenye koo au mwenye vyombo?