Kabla hujaichoma riwaya ya mapenzi, uliza shamba ni la nani

Kuna lalamiko moja, msomaji mpenzi, ambalo wazazi wa mjini hawaishi kulitoa. Msichana amerudi likizo kutoka shule ya bweni, mama anatandua kitanda ili afue mashuka, na chini ya godoro anakumbana na kitabu kilichovishwa gazeti kuukuu. Akikifunua, si hesabu wala jiografia. Ni mwanamume mwenye kifua kipana na mwanamke aliyelegea mikononi mwake. Siku hiyo nyumba haikaliki. Kitabu kinatiwa kwenye jiko la makaa, msichana anatiwa adabu, na baba akifika jioni anaelezwa kwamba karo anayoihangaikia inaliwa na upuuzi. (Wasomao kwenye simu wamesalimika kidogo, maana simu haifichwi chini ya godoro.)

Mimi naomba kitabu hicho kisichomwe kwanza. Si kwamba vitabu vyote vya mapenzi ni vizuri. Vingi ni vibovu, vimeandikwa mbiombio, na ukisoma kumi umesoma mia. Lakini mwalimu yeyote wa lugha atakwambia kuwa mtoto anayemaliza kurasa 180 kwa usiku mbili bila kusukumwa amekwisha kupata kitu ambacho shule hukitafuta kwa kiboko na haikipati. Amepata mazoea ya kusoma. Kazi ya mzazi ni kumfundisha asome kwa macho yaliyo wazi, na hilo haliwezekani kitabu kikiwa majivu.

Wazazi wengi huogopa busu. Wanapekua kurasa wakitafuta chumba cha kulala, wasipokiona wanashusha pumzi. Nadhani wanatafuta hatari mahali pasipo pake. Katika riwaya ya mapenzi kuna biashara inayofanyika chini kwa chini, biashara ya mali na uwezo: nani ana nyumba, nani ana mshahara, nani akifukuzwa hana pa kwenda. Riwaya za mapenzi ya kale huiweka biashara hiyo mezani. Za kisasa huifunika kwa maua. Msichana asiyejua kuifunua ndiye wa kuhofiwa, hata kama kitabu chake hakina busu hata moja.

Tuchukue mfano unaojulikana na wanafunzi wengi, Pride and Prejudice cha Jane Austen, kilichotolewa mwaka 1813. Watu hukisifu kwa mapenzi ya Elizabeth na Bwana Darcy, na ni kweli mapenzi yapo. Lakini hebu kifungue tena. Baba yake Elizabeth ana mabinti watano na hana mwana wa kiume. Shamba analokalia limefungwa kwa masharti ya ukoo kwamba lazima liende kwa mwanamume, basi siku mzee akifa, mkewe na binti zake wanatoka, na anayeingia ni binamu wa mbali, Bwana Collins, mtu mwenye maneno mengi na akili chache. Kabla Darcy hajafungua kinywa, ukumbi mzima umekwisha kunong'onezana kwamba ana pauni 10,000 kwa mwaka. Baba yake Elizabeth ana 2,000. Austen anakupa tarakimu hizo bila haya, kama dalali wa ploti.

Kisha angalia yanayompata Charlotte, rafiki yake Elizabeth. Ana miaka 27, hana uzuri wa kutajwa, hana mali. Collins anakataliwa na Elizabeth, na baada ya siku chache tu anamposa Charlotte, naye anakubali. Hampendi. Anajua ni mjinga. Anataka nyumba yake mwenyewe, na anasema hivyo waziwazi. Elizabeth anashtuka, na wasomaji wengi wachanga hushtuka pamoja naye. Mwulize binti yako: ungekuwa wewe Charlotte, mwaka ule, bila kazi ya kufanya wala urithi, ungefanyaje? Swali hilo moja lina thamani kuliko mahubiri ya saa nzima juu ya maadili.

Na asidhani mambo hayo ni ya Wazungu wa zamani tu. Ni jamii ngapi hapa kwetu ambazo msichana hakuhesabiwa shamba likigawanywa, kwa hoja kwamba ataolewa na kwenda kwa wenyewe? Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1981 inataja watoto wa marehemu bila kumtenga wa kiume na wa kike, ijapokuwa Waislamu huamuliwa kwa sheria yao. Sheria ipo, lakini ukihudhuria mikutano ya ukoo baada ya matanga utamkuta Bwana Collins amevaa kofia na ameshika bakora. Mwanafunzi aliyeona jambo hilo kijijini anamwelewa Austen upesi kuliko profesa wa London.

Waliomfuata Austen walichukua nguo, magari ya farasi na dansi, wakaacha hesabu. Georgette Heyer, aliyefariki mwaka 1974, alikuwa afadhali; alichunguza enzi ile kwa bidii na vichekesho vyake vina makali. Barbara Cartland aliandika vitabu zaidi ya 700, vingi akiwa amejilaza kwenye kochi huku karani akiandika anayoyatamka, na nadhani vinasomeka hivyo hivyo. Siku hizi makabaila hao wamerudi kwa kishindo. Riwaya za Julia Quinn zilizoanza na The Duke and I mwaka 2000 ndizo zilizozaa mchezo wa Bridgerton, ambao ulianza kuonyeshwa na Netflix Desemba 2020. Wasichana wetu wameutazama, na mama zao pia, tusidanganyane.

Basi mtoto akiwa anawatamani makabaila hao, mwulize utajiri wao ulitoka wapi. Mwingi ulitoka kwa wakulima waliolipa kodi ya ardhi. Mwingine ulitoka kwenye mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi, yaliyolimwa na Waafrika waliouzwa kama mbuzi. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini sheria ya kufuta utumwa wenyewe katika makoloni yake haikupitishwa hadi 1833. Yaani katika miaka hiyo yote ya dansi, sukari ya chai ilikuwa ikivunwa na watumwa. Austen mwenyewe alilijua hilo. Katika Mansfield Park cha mwaka 1814 bwana mwenye nyumba ana mali Antigua, na msichana Fanny anaeleza kwamba alimwuliza juu ya biashara ya watumwa, na wote waliokuwapo wakanyamaza. Kimya hicho ni mstari mmoja tu, lakini ukikiona hutakisahau.

Sasa tuje kwenye jambo lililo zito zaidi. Mwaka 1972 Mmarekani Kathleen Woodiwiss alitoa The Flame and the Flower, riwaya ya mapenzi ya kale iliyouzwa kwa mamilioni na kuigwa kote. Mwanzoni mwa hadithi hiyo mwanamume anamtenza nguvu msichana asiyemjua, akidhani ni kahaba. Mwanamume huyo ndiye shujaa. Kurasa zote zilizobaki zinatutaka tumsamehe, tumwonee huruma, na hatimaye tushangilie ndoa yao. Vitabu vingi vya miaka ile ya 1970 na 1980 vilifuata njia hiyo hiyo. Msichana anasema hapana, mwanamume hasikii, na mwandishi anatueleza kuwa moyoni msichana alitaka. Waandishi wengi wa sasa wameiacha, ila vitabu hivyo vya zamani bado vinazunguka, navyo ndivyo rahisi kuvipata katika mitumba ya vitabu inayotandazwa kando ya barabara jijini, unapoinama kuchagua kwa bei ya chini.

Hapa mzazi asinyamaze. Akipenda chongo huita kengeza, na kitabu kilichoandikwa kwa ustadi kinaweza kukufanya uite kengeza jambo ambalo ni jinai. Mwambie mwanao, wa kike na wa kiume, kwamba alichokifanya yule bwana katika sura za mwanzo kina jina, na katika Kenya ya leo kina kifungo kirefu chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Mvulana ndiye anayehitaji kuambiwa zaidi, maana naye huvisoma kwa siri vitabu vya dada yake.

Riwaya za kisasa zina mchezo mwingine. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na mwanzoni ilichapisha vitabu vya kila aina. Katika miaka ya 1930 ikageukia mapenzi, ikiziuzia maktaba ndogo zilizoazimisha vitabu kwa senti chache, na vitabu vyake vilijulikana kwa jalada la rangi ya hudhurungi. (Kumbe hata kabla ya magazeti yetu kuukuu, mapenzi yalikuwa yamevishwa kitu kisicho na madoido.) Mwaka 1971 ikanunuliwa na Harlequin ya Kanada. Nesi anampenda daktari, karani anampenda mkurugenzi, msichana asiye na kitu anampenda Mgiriki mwenye meli. Karibu kila mara mwenye mali ni mwanamume, na karibu kila mara hadithi inaishia pale anapotoa pete.

Hati ya nyumba imeandikwa jina la nani? Karani ataendelea na kazi, au ataacha? Wakiachana, atatoka na nini? Kitabu kimefungwa. Hapa Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango wa mke au mume, na Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilisema hakuna nusu kwa nusu inayokuja yenyewe. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Sijawahi kusoma riwaya ya nesi na daktari yenye sura ya kuweka stakabadhi.

Je, waandishi wa kwetu? Hao hawakuificha biashara hiyo. Soma Kiu cha Mohamed Suleiman Mohamed, kilichotolewa mwaka 1972. Bahati anampenda Idi, mzee tajiri Mwinyi anamtaka Bahati, na Idi anayaona mapenzi ya mzee kama mlango wa kupitia kuufikia utajiri. Mwangi Gicheru, katika Across the Bridge cha mwaka 1979, alimpeleka mtumishi wa nyumbani kwa binti wa tajiri aliyemwajiri, na daraja linalotajwa ni lile lililo kati ya maskini na mwenye nacho. Na anayetaka mapenzi pamoja na historia asikose Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, cha mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja wakati wa ukoloni, anaozwa akiwa mdogo kwa mwenye duka aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Anatoroka. Jamaa zake wanamfungia mlango, na anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke Mwafrika asiye na mali. Mapenzi yake na Denge, kijana mpigania uhuru anayewindwa na polisi, yanakuja baada ya hapo, na huwezi kuyatenga na swali la nani anatawala kisiwa. Amil Shivji aliifanya riwaya hiyo filamu mwaka 2021. Ukimpa binti yako kitabu hicho badala ya kumnyang'anya kile kingine, hataona kwamba amepunjwa.

Neno moja kwa akina mama, kwa kuwa nawajua mnasoma pia. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Janice Radway, alichapisha utafiti wake juu ya wanawake wa mji mmoja waliokuwa wakinunua riwaya za mapenzi kwa mwuzaji mmoja. Aliwauliza kwa nini wanasoma. Wengi hawakuanza na wanaume wenye vifua vipana. Walisema kusoma ni saa ambayo hakuna anayewaomba chakula, soksi wala pesa ya nauli. Mama akishika kitabu, nyumba inajua hayupo. Baadhi yao walitazama mwisho kabla ya kununua, wahakikishe unafurahisha, kwa sababu misiba walikuwa nayo ya kutosha. Siwezi kumcheka mtu wa namna hiyo, wala sioni kwa nini saa hiyo aibe. Baba anayelala na gazeti usoni Jumapili nzima haombi radhi.

Na binti akikuuliza kama Jane Austen mwenyewe aliolewa na Darcy wake, mweleze yaliyotokea. Desemba 1802, akiwa hajafikisha miaka 27, aliposwa na Harris Bigg-Wither, kijana aliyekuwa mrithi wa shamba kubwa. Ndoa hiyo ingempa nyumba, na wazazi wake na dada yake wangepata pa kukaa maisha yao yote. Alikubali jioni. Asubuhi yake alikataa, akaondoka katika nyumba ile siku hiyo hiyo. Miaka kumi baadaye aliiuza Pride and Prejudice kwa mchapishaji, haki zote, kwa pauni 110. Kitabu kilipotoka hakikuwa na jina lake.