Mwenye Shaka na Atie Bildi

Vibarazani siku hizi hapakosi habari za tabianchi. Mmoja husema joto limezidi na bahari inaharibika kwa moshi wa viwanda. Mwenziwe humjibu kwamba huo ni uzushi wa Wazungu. Jua na mvua ni vya Mola. Jioni kila mmoja hurudi kwake na neno lile lile alilokuja nalo. Ubaya wa mazungumzo hayo ni shaka isiyokubali kupimwa.

Shaka yenyewe si haramu katika elimu. Wanavyuoni wa Hadithi hawakupokea neno kwa kuwa limesemwa tu. Waliuliza nani kalipokea kwa nani, na mpokezi alikuwa mtu gani. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki yapata mwaka 1040, aliandika kitabu kizima cha kumtilia shaka Ptolemy, bingwa wa falaki. Lakini hakukomea hapo. Alipotaka kujua mambo ya nuru, alijaribu na kupima. Hata nahodha akiingiwa na shaka juu ya kina cha mlango, habishani na mabaharia wake usiku kucha. Hutia bildi.

Huko Marekani alitokea mwenye shaka wa namna hiyo. Richard Muller, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hakuridhika na hesabu za joto la dunia. Alihofia kuwa vituo vya kupimia vilivyomezwa na miji vimeongeza joto la bandia, na kwamba wataalamu wamechagua vipimo vilivyowafaa. Mwaka 2010 alianza kuzihesabu upya kumbukumbu za vituo zaidi ya 30,000, na baadhi ya fedha zilitoka kwa wakfu wa tajiri wa mafuta. Mwaka 2012 alitangaza matokeo: joto la nchi kavu limepanda kiasi cha nyuzi 1.5 za Selsiasi katika miaka 250. Alilinganisha na jua, halikulingana; alilinganisha na hewa ya ukaa, ikalingana. Akasema hadharani kwamba amebadili rai yake.

Hewa hiyo nayo imepimwa. Charles David Keeling alianza kuipima mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ikiwa kama sehemu 315 katika milioni. Leo imepita 420.

Atauliza mtu: je, wataalamu hawakosei? Hukosea. Ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2007 ilidai kuwa barafu ya milima ya Himalaya ingeweza kutoweka ifikapo 2035. Wataalamu wenzao waliipinga, na mwaka 2010 jopo likakiri kosa. Elimu inayojisahihisha mbele za watu ina haki ya kusikizwa.

Ama hoja ya kadari, sote twaamini. Lakini nyumba ikiungua, hakuna Mwislamu anayeona ni kufuru kuuliza nani aliyeacha jiko likiwaka.

Nasi wa pwani tuna sababu ya kuuliza. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe yakafa kwa joto la maji. El Niño ya mwaka ule ni jambo la maumbile, kweli, lakini huja juu ya bahari ambayo tayari imepata moto. Tumbawe likifa, samaki hukosa maskani, na mvuvi hukosa riziki.

Tena wanaosema ni uzushi wa Wazungu wafikiri wanamtetea nani. Moshi mwingi uliokusanyika angani umetoka nchi tajiri. Afrika imetia sehemu ndogo mno. Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubali kuundwa mfuko wa kuwasaidia walioathirika. Mdai asiye na ushahidi hushindwa mbele ya kadhi, na ushahidi wetu ni vipimo hivi hivi. Kuvikanusha ni kumsamehe mdeni kabla hajaomba.

Wataalamu nao waache kujifungia hotelini na Kiingereza chao. Waje Lamu, Malindi na Vanga, wafungue daftari zao kwa Kiswahili mbele ya wavuvi, waulizwe maswali na wayajibu. Na mwenye shaka ahudhurie, aulize, kisha awe tayari kupokea jawabu.